Chumvi, Makaa na Mawe ya Culross

Anayepanda Back Causeway, mojawapo ya vichochoro vinavyotoka Sandhaven, karibu na ufuko, hadi kwenye Msalaba wa Soko wa Culross, hana budi kutazama anapokanyaga. Njia yote imetandazwa mawe ya mviringo, na katikati yake unapita mstari wa mawe makubwa bapa yaliyoinuliwa kidogo kuliko mengine. Waskoti huuita mstari huo taji la njia. Masimulizi ya mji yanasema kwamba pale juu walipita wenye vyeo na mali: mfanyabiashara, mjumbe wa baraza, kasisi. Wengine walishika pembeni, kwenye mteremko ambako mvua ilishusha uchafu wote wa mtaa.

Culross ni mji mdogo wenye wakazi mia kadhaa tu, ukingoni mwa hori la Forth, katika mkoa wa Fife, kilomita kama 11 magharibi ya Dunfermline. Wenyeji hulitamka jina lake Kuros. Picha zake zimeenea: kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, mapaa ya vigae vyekundu, kuta za ubavuni ambazo ncha zake zimekatwa ngazi ngazi, na katikati ya weupe huo jumba moja la manjano iliyokolea. Wageni hushuka kwenye mabasi, hupiga picha, kisha wengi huondoka wakisema wameona mji wa hadithi za watoto. Naona huko ni kuudhulumu mji na watu wake. Culross ilikuwa mahali pa kazi, pa moshi na masizi, na majengo yake mazuri yalilipiwa kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya bahari na kwa chumvi iliyochemshwa ufukoni. Anayetaka kuyaelewa aanze na waliochimba na waliochemsha, ndipo abishe hodi majumbani.

Kabla ya makaa walikuwapo watakatifu. Mapokeo ya Kanisa yanasimulia kwamba katika karne ya 6 Mtakatifu Serf alikuwa na jumuiya ya watawa hapa. Binti wa mfalme aliyeitwa Teneu, akiwa mjamzito na baba yake amemkasirikia, alitiwa ndani ya mtumbwi wa ngozi na kusukumwa baharini ili afe. Maji yakamleta mpaka ufuko wa Culross, akajifungua mtoto wa kiume, na Serf akamlea. Mtoto huyo ni Kentigern, ambaye watu humwita Mungo, aliyekuja kuanzisha kanisa pale palipokua kuwa jiji la Glasgow. Glasgow haikusahau. Mwaka 1503 Askofu Mkuu wake, Robert Blackadder, alijenga kanisa dogo la ukumbusho mahali paliposemwa ndipo mtoto alipozaliwa, na misingi yake ingali inaonekana kando ya barabara ya pwani, upande wa mashariki wa mji.

Watawa waliouachia mji jengo la kudumu walikuja baadaye. Mwaka 1217 Malcolm, mtawala wa Fife, alianzisha juu ya kilima abasia ya Wasisitersiani, na watawa wa kwanza wakatoka abasia ya Kinloss, kaskazini. Kanuni yao iliwataka waishi kwa kazi ya mikono, na katika ardhi waliyopewa waliyakuta makaa ya mawe. Hao ndio walioanza kuyachimba. Matengenezo ya Kanisa yalipoifikia Uskoti mwaka 1560, maisha ya kitawa yalikoma, mali ikaangukia mikononi mwa mabwana, na sehemu ya abasia ikaachwa bila paa. Sehemu ya mashariki ya kanisa iliokoka kwa sababu watu wa mji waliendelea kusali humo, na mwaka 1633 ikafanywa rasmi kanisa la parokia. Mpaka leo ibada hufanyika chini ya mnara huohuo, na nje ya mlango magofu yanaanza mara moja.

Sasa tuje kwa mtu aliyeubadilisha mji. Mwaka 1575 George Bruce, mtoto wa ukoo wenye ardhi wa Blairhall, jirani tu na hapo, alikodi machimbo ya abasia. Makaa yaliyokuwa karibu na uso wa ardhi yalikwisha kuchukuliwa. Yaliyobaki yalikuwa katika tabaka linaloinama kuelekea kusini, chini ya hori. Kulifuata tabaka hilo kulitaka kushindana na maji, adui wa kila mchimbaji, na Bruce alishindana nayo kwa mtambo uliowastaajabisha watu wa zama zake: mnyororo wenye ndoo 36 uliovutwa na farasi watatu waliokuwa wakizunguka juu ya shimo. Ndoo 18 zilipanda zimejaa maji, 18 zilishuka tupu, na mnyororo haukusimama maadamu farasi wanatembea.

Kazi iliyompa jina zaidi aliifanya baharini kwenyewe. Katika miaka ya 1590, kwenye sehemu ya ufuko inayofunikwa na maji bahari inapojaa, alijenga kisiwa. Mafundi walifanya kazi wakati wa maji kupwa tu, wakipanga mawe kwa duara hadi ukuta ukapita urefu wa maji ya bamvua. Ndani ya duara hilo shimo lilichimbwa kwenda chini kukutana na njia zilizokuwa zimetokea nchi kavu. Kwa hiyo mgodi ukawa na milango miwili, mmoja ardhini na mmoja katikati ya bahari. Merikebu zilikuja mpaka ukutani, zikapakia makaa yanayotoka shimoni bila kupitia bandari wala mgongo wa punda. Shimo hilo liliitwa Moat. Sijui kazi nyingine ya Uskoti ya karne hiyo iliyohitaji hesabu kali kiasi hicho, na fundi aliyekosea kipimo pale chini hakupewa nafasi ya kusahihisha.

Mfalme James wa Sita alikuwa amekwisha kuupa mji hadhi ya mji wa kifalme mwaka 1592, haki iliyoufungulia biashara ya nchi za nje. Mwaka 1617, katika safari yake ya kwanza na ya mwisho kurudi Uskoti tangu alipohamia London kutawala nchi zote mbili mwaka 1603, alikuja kuutazama mgodi uliosifiwa. Wasimulizi wanasema alishuka kwa mlango wa nchi kavu, akaongozwa kwa mwanga wa taa katika njia za chini, kisha akapandishwa kupitia shimo la Moat. Alipotokeza kichwa akaona maji yamemzunguka pande zote. Mfalme huyo mwaka 1605 alikuwa amenusurika njama ya kulipua Bunge la London kwa baruti, na hofu ilikuwa haijamtoka. Akapiga kelele kwamba ni uhaini. Bruce akamtuliza, akamwonyesha mashua iliyokuwa imefungwa ukutani, akamwambia achague: arudi kwa njia aliyojia au avushwe kwa mashua. Mfalme akachagua mashua.

Mwaka uliofuata alikuja mgeni wa aina nyingine, John Taylor, mshairi na mpiga makasia wa mto Thames, aliyetembea kutoka London hadi Uskoti bila senti mfukoni na kuandika kitabu juu ya safari hiyo. Taylor alishuka mgodini na kuueleza kwa mshangao wa mtu aliyeona ajabu ya dunia. Ndiye aliyetuachia habari za ndoo na farasi. Ndiye pia aliyeandika kwamba Bruce alitengeneza tani 90 hadi 100 za chumvi kila wiki, zilizolisha sehemu kubwa ya Uskoti, na nyingine zikapelekwa Uingereza na Ujerumani.

Chumvi ilikuwa ndugu wa makaa. Makaa makubwa yaliuzwa. Madogo na vumbi lake havikuwa na mnunuzi. Basi Bruce, kama wengine wa pwani ya Forth, aliyachoma palepale chini ya masufuria mapana ya chuma yaliyojaa maji ya bahari. Maji yalichemka usiku na mchana hadi chumvi ikabaki. Wakati huo chumvi ilikuwa njia kuu ya kuhifadhi samaki na nyama kwa miezi ya baridi, kwa hiyo kila nyumba iliihitaji. Moshi wa masufuria hayo ulitanda ufuko mzima. Ukiona leo kuta nyeupe za Culross, kumbuka kwamba katika zama za utajiri wake weupe huo ulikuwa na kazi ngumu ya kubaki mweupe.

Fedha hizo ndizo zilizojenga jumba la manjano. Siku hizi linaitwa Kasri la Culross, ingawa halikuwahi kuwa makao ya mfalme yeyote. Lilikuwa nyumba ya mfanyabiashara aliyefanikiwa. Lilijengwa kwa awamu mbili, na mwenyewe aliziweka alama. Kwenye jengo la magharibi zimechongwa herufi za jina lake na mwaka 1597. Kwenye jengo la kaskazini mwaka ni 1611, na herufi zimeongezeka moja mbele, kwa kuwa katikati ya miaka hiyo alikuwa ametunukiwa cheo cha Sir na hakutaka mpita njia asijue.

Nyumba hii inastahili mtu aikague polepole. Merikebu zilizotoka Culross zimejaa makaa na chumvi hazikuweza kurudi tupu, maana chombo kitupu hupinduka. Zilihitaji farumi, na manahodha walipakia farumi yenye thamani: vigae vyekundu na vigae vya sakafu kutoka Uholanzi, pamoja na vioo. Mbao za msonobari zilitoka nchi za Baltiki. Hivyo paa la mji mdogo wa Fife likafanana na mapaa ya miji ya Uholanzi, na nyumba nyingine zikafuata mfano. Vioo vilikuwa ghali, kwa hiyo madirisha mengi yana kioo nusu ya juu tu. Nusu ya chini ni vibao vya mbao vinavyofunguliwa kupisha hewa. Vyumba ni vidogo, dari ni fupi, ili moto mmoja utoshe kukipasha chumba joto. Mwenye nyumba alikuwa na chumba cha kuhifadhia fedha na hati, chenye dari ya mawe ya kuba na sakafu ya vigae, kisichoweza kushika moto.

Juu ya hayo yote kuna picha. Dari za mbao zimepakwa rangi kwa mkono, na katika chumba kimoja, chini ya dari iliyopinda kama tumbo la pipa, zimo picha 16 za mafumbo, kila moja na mafunzo yake, zilizotolewa katika kitabu cha picha za hekima cha Mwingereza Geffrey Whitney kilichochapishwa mwaka 1586. Mchoraji wake hatumjui kwa jina. Rangi zimefifia, mbao zimepasuka hapa na pale, ila macho ya wanawake na wanaume wale yangali yanamtazama anayeingia. Katika Uskoti yote ni nyumba chache zilizobakiwa na kazi kama hii ya zama hizo. Nyuma ya nyumba bustani inapanda kilimani kwa matuta, imejaa mboga na mitidawa ya aina zilizokuwa zikitumika karne ya 17.

Bruce alipokuwa akijenga jengo lake la pili, Bunge la Uskoti lilikuwa limekwisha kupitisha sheria niionayo kuwa ndiyo msingi wa kweli wa jumba hilo. Sheria hiyo ya mwaka 1606 iliwafunga wachimba makaa na wachemsha chumvi kwa mabwana zao. Mfanyakazi hakuruhusiwa kuajiriwa kwingine bila hati ya bwana wake wa kwanza. Aliyetoroka alihesabiwa mwizi, na alichoiba ni yeye mwenyewe. Bwana aliyemkuta kwa mwajiri mwingine katika mwaka mmoja na siku moja alikuwa na haki ya kumrudisha. Mabwana walipewa hata mamlaka ya kuwakamata wazururaji na kuwatia kazini. Desturi iliongeza yake: baba alipompeleka mtoto kubatizwa, bwana alimpa zawadi ndogo ya fedha, na kwa kuipokea mtoto akawa amefungwa machimboni maisha yake yote. Wake na binti walibeba makaa mgongoni, wakayapandisha kutoka chini. Mwaka 1701 ilipotungwa sheria ya kuwalinda Waskoti wasifungwe gerezani bila kesi, wachimbaji na wachemsha chumvi waliachwa nje kwa maneno ya wazi. Kifungo hicho kilianza kulegezwa kwa sheria ya mwaka 1775 na kikakatika kwa ile ya mwaka 1799. Wanawake waliendelea kuteremka mashimoni hadi mwaka 1842, walipokatazwa na Bunge la Uingereza.

Hakuna jengo la Culross lenye majina ya watu hao. La Bruce lipo, na lipo kwa fahari. Ndani ya kanisa la abasia, katika chumba cha makaburi cha ukoo, Sir George na mkewe Margaret Primrose wamelala kwa sanamu za alabasta, na mbele yao wamepiga magoti watoto wao wanane, wavulana watatu na wasichana watano, wadogo, mikono imeunganishwa katika sala. Ni kazi nzuri mno, na mtu akiwatazama watoto wale moyo humlainika. Nawashauri wageni waitazame kwa utulivu, kisha watoke nje wasimame juu ya nyasi, ambako wengine wamezikwa bila jiwe.

Kanisa hilohilo lina kisa cha kaka yake George, Edward Bruce, mwanasheria aliyefanya mazungumzo ya siri yaliyomwezesha James kurithi kiti cha Uingereza. Alizawadiwa cheo cha Lord Kinloss, na mwaka 1608 akaanza kujijengea jumba kubwa karibu na abasia. Mwanawe, Edward vilevile, aligombana na Mwingereza Edward Sackville, na mwaka 1613 wakavuka bahari kwenda kupigana kwa panga karibu na Bergen op Zoom, Uholanzi. Kijana Bruce akauawa. Watu wa ukoo walisimulia kwamba moyo wake ulirudishwa nyumbani, na wengi walidhani ni maneno tu, mpaka mwaka 1808 kilipopatikana kanisani kijaluba cha fedha chenye umbo la moyo, na ndani yake moyo uliokaushwa.

Mwisho wa Moat ulikuja ghafla. Machi 1625 dhoruba kubwa ilipiga hori la Forth, mawimbi yakabomoa ukuta wa kisiwa, na bahari ikaingia mgodini. Mwezi huohuo Mfalme James alikufa, na Mei George Bruce akamfuata. Mgodi ule haukupata tena mtu wa kuufufua.

Hata hivyo mwaka 1626, mwaka mmoja tu baada ya msiba, baraza la mji lilijenga Nyumba ya Mji pale Sandhaven. Yaelekea walitumaini kwamba neema ingerudi. Jengo lina ngazi mbili za mawe upande wa mbele zinazopanda kukutana mlangoni ghorofani, ambako wajumbe walikaa na kuhukumu. Mnara wa kengele na saa uliongezwa mwaka 1783. Ghorofa ya chini ilikuwa jela, na wengi waliofungwa humo walikuwa watu wenye madeni. Darini, chini ya paa, walifungwa walioshtakiwa kwa uchawi.

Hapa siwezi kupita haraka. Sheria ya uchawi ya Uskoti ilidumu tangu 1563 hadi 1736, na katika muda huo walishtakiwa watu zaidi ya 3,800. Kati ya kila watano, zaidi ya wanne walikuwa wanawake. Fife ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizowaka zaidi. Mtuhumiwa alinyimwa usingizi siku baada ya siku, akiulizwa maswali yaleyale, mpaka akili ikachanganyika na akakiri mambo asiyoyajua na kutaja majina ya jirani zake. Jirani wakakamatwa. Kijijini Torryburn, mwendo mfupi tu mashariki ya Culross, Lilias Adie alikamatwa mwaka 1704, akakiri chini ya mateso hayo, akafa gerezani kabla ya hukumu. Walimzika ufukoni, kwenye tope linalofunikwa na maji bahari ikijaa, wakaweka juu yake bamba la jiwe ili asifufuke. Mwaka 2019 vibao vitatu vya kumbukumbu viliwekwa kwenye njia ya pwani, Culross, Valleyfield na Torryburn, kwa ajili ya wanawake walioteswa hivyo. Wanaopanda ngazi za Nyumba ya Mji leo huelezwa habari za dari ile, na ni haki waelezwe.

Baada ya makaa kupungua, mji uliishi kwa chuma. Wahunzi wa Culross walisifika kwa kufua vyuma bapa vya mviringo vya kuokea mikate ya shayiri, vyombo ambavyo mpishi wa pwani yetu angevitambua mara moja, kwa kuwa havina tofauti na tawa la chapati. Mfalme James aliwapa ukiritimba wa kuvitengeneza, na Charles wa Pili akauthibitisha mwaka 1666. Walivifua kwa nyundo, kimoja kimoja, na kwa vizazi kadhaa mlio wa nyundo zao ulikuwa sauti ya mji. Katika karne ya 18 mahakama iliuvunja ukiritimba huo. Kisha mwaka 1759 kikafunguliwa kiwanda cha Carron, ng'ambo ya hori, kilichomimina chuma katika kalibu na kuuza kwa bei ambayo mhunzi wa mkono hakuiweza.

Mtu mmoja zaidi alijaribu bahati ya makaa hapa. Archibald Cochrane, mtawala wa tisa wa Dundonald, aliishi katika jumba la karibu na abasia na kuchoma makaa katika tanuri zake ili apate lami. Mwaka 1781 alipewa hataza ya ugunduzi huo. Nia yake ilikuwa kuuzia jeshi la majini lami ya kupaka merikebu zisiliwe na minyoo ya baharini. Wakuu wa jeshi wakaamua kutumia mabamba ya shaba. Inasemwa kwamba gesi iliyotoka kwenye tanuri zake iliwashwa ikatoa mwanga mkali, watu wakaitazama kama mchezo, naye akaiacha. Miaka michache baadaye wengine walitajirika kwa taa za gesi. Cochrane alitumia mali yote ya ukoo katika majaribio, akafa maskini jijini Paris mwaka 1831. Mwanawe Thomas, aliyekulia Culross bila urithi wa kutumainia, alikwenda baharini, akawa nahodha aliyeogopwa na Wafaransa, kisha akaongoza majeshi ya majini ya Chile na Brazili katika vita vyao vya uhuru. Sanamu yake ya kichwa na mabega iko karibu na Nyumba ya Mji.

Kwa karne moja na nusu iliyofuata Culross ilikuwa maskini. Biashara ilihamia Glasgow, na mwaka 1906 reli ikajengwa ufukoni, ikapita katikati ya mji na bahari yake. Waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa wala za kujenga upya. Miji mingine ya Forth iliyoendelea kupata fedha ilizivunja nyumba zake za karne ya 17 ili ipishe maduka na viwanda. Culross iliziacha zake zisimame, zikivuja na kuinama. Hali ya ndani ilikuwa mbaya, na ni makosa kuisifu kwa kuwa sasa inatupendeza. Watoto walikua katika unyevu ule.

Shirika la kuhifadhi urithi, National Trust for Scotland, lilianzishwa mwaka 1931. Mwaka 1932 lilinunua Kasri la Culross kwa pauni 700, likiwa miongoni mwa majengo yake ya mwanzo kabisa. Baadaye likanunua nyumba ndogo za mitaani moja baada ya nyingine, likatengeneza mapaa, likatia maji na umeme, na watu wakaendelea kuishi humo. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi yao. Nyumba inayoitwa Study, ya mwaka 1610, yenye chumba kidogo juu ya mnara wake ambamo Askofu Robert Leighton anasemekana alikuwa akisoma vitabu, imesimama imara mkabala na Msalaba wa Soko, ambao nguzo yake ya sasa ni ya mwaka 1902. Miji ya kifalme ilipofutwa katika mpangilio mpya wa serikali za mitaa mwaka 1975, baraza la Culross nalo likaisha, na Nyumba ya Mji ikakabidhiwa kwa shirika hilo. Siku hizi wengine huujua mji kwa sababu ya tamthilia ya televisheni Outlander, iliyoutumia kama kijiji cha kubuni cha karne ya 18.

Wenyeji wanajua kwamba makaa hayakuishia kwa Bruce. Mashariki tu ya mji, katika mgodi wa Valleyfield, mlipuko wa tarehe 28 Oktoba 1939 uliua wachimbaji 35. Mwaka 1964 wachimbaji wa Valleyfield walikutana chini ya bahari na wenzao wa Kinneil, waliokuwa wakichimba kutoka ng'ambo ya kusini, na pande mbili za hori zikaunganishwa kwa njia ya chini. Magharibi kulijengwa kituo cha umeme cha Longannet cha megawati 2,400, kilicholishwa na mgodi wake. Machi 2002 maji mengi yaliuingia mgodi huo, haukuweza kuokolewa, na Uskoti ikawa imepoteza mgodi wake wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi. Kituo kiliendelea kwa makaa ya kuagiza hadi Machi 2016. Tarehe 9 Desemba 2021 bomba lake la moshi, lenye urefu wa mita 183 na lililoonekana vizuri kutoka pwani ya Culross, liliangushwa kwa baruti. Aliyebonyeza kitufe ni Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskoti wakati huo.